Kwa Nini Jibu Hupatikana Penye Makutano? Ufafanuzi wa Grafu na Milinganyo ya Pamoja

Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika makala haya si geni kwa yeyote aliyepitia shule ya sekondari nchini Kenya. Mwanafunzi hupewa milinganyo miwili na karatasi ya grafu, akachora mstari wa kwanza, akachora wa pili, kisha akaambiwa asome pale mistari hiyo inapokatana. Nambari mbili anazozisoma hapo ndizo jibu. Huliandika, likasahihishwa, akapata alama zake, naye akaendelea na swali linalofuata. Jambo ambalo aghalabu haliulizwi, na likiulizwa halijibiwi, ni hili: kwa nini? Pana uhusiano gani kati ya penseli iliyopita juu ya karatasi na ukweli wa hesabu? Kwa nini jibu likae penye makutano na lisikae kwingine, mathalani pale mstari mmoja unapokata mhimili?

Yamkini msomaji atashangaa kuona mwanafunzi wa fasihi akijitosa katika uwanja usio wake. Wakati wa likizo ya Desemba, nikiwa nyumbani Voi, binamu yangu aliyekuwa kidato cha pili aliniletea daftari lake. "Dada," akaniambia, "jibu nimelipata. Ninataka kujua kwa nini ni jibu." Nilianza kumweleza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho nilichofundishiwa Hisabati, na maneno yakanitoka bila kizuizi: chora, kata, soma. Yote yalikuwa maagizo. Halikuwepo elezo hata moja. Nilipojaribu kwa Kiswahili, maagizo niliyoyakariri hayakuwa tayari kinywani, ikanibidi kufikiri. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sikuwa nikilijua jibu la swali lake, mimi niliyelipita somo hilo katika mtihani wa taifa.

Swali la kijana huyo lilinigusa pia kwa sababu nyingine. Miezi michache kabla ya likizo, katika mjadala mmoja wa wanafunzi, mzungumzaji alikuwa amedai kwamba Kiswahili kinatosha kwa tenzi na riwaya, ila Hisabati hakiiwezi. Tulimpinga kwa ghadhabu. Tulimtajia kamusi za istilahi, tukamkumbusha kwamba katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania Hisabati hufunzwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akamfafanulia jambo moja la Hisabati kutoka mwanzo hadi mwisho. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo, tena kwa jambo dogo ambalo kila msomaji wa jarida hili amewahi kulifanya kwa mkono wake.

Mlinganyo kama sentensi

Tuanze na tunachokifahamu sisi watu wa lugha. Sentensi "Amina ameondoka" ni ya kweli au si ya kweli. Sentensi "Fulani ameondoka" haiwezi kuhukumiwa mpaka tujue huyo fulani ni nani. Mlinganyo wenye herufi ni sentensi ya aina hii ya pili. Tukiandika

x + y = 7

tumesema: "Nambari fulani ukiijumlisha na nambari fulani nyingine unapata saba." Herufi x na y ni nafasi zilizoachwa wazi. Ukizijaza kwa 2 na 5, sentensi inakuwa ya kweli. Ukizijaza kwa 4 na 4, inakuwa ya uongo. Mlinganyo wenyewe, kabla ya kujazwa, hausemi kweli wala uongo, unangoja.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa shuleni tulizoea kuuona mlinganyo kama amri: "Itafute x!" Aliyeuona hivyo hawezi kuelewa grafu hata afanyeje, kwa sababu mlinganyo kama huu wenye nafasi mbili wazi haukuagizi utafute jibu moja. Una majibu mengi: 0 na 7, 1 na 6, 3 na 4, 6.5 na 0.5, hata 10 na hasi 3. Na kati ya jozi ya 1 na 6 na ile ya 2 na 5 zimo jozi nyingine zisizohesabika. Orodha ya jozi zinazoifanya sentensi hii iwe ya kweli haina mwisho.

Sasa ikiwa orodha haina mwisho, tutaiandikaje? Hapa ndipo ilipo faida ya grafu. Tunakubaliana kwamba kila jozi ya nambari iwe na mahali pake kwenye karatasi. Tunaanzia pale mihimili miwili inapokutana; nambari ya kwanza inatuambia tuende hatua ngapi kulia, na ya pili hatua ngapi juu. Jozi ya 2 na 5, ambayo huandikwa (2, 5), ni nukta iliyo hatua mbili kulia na hatua tano juu. Nambari ikiwa hasi, tunakwenda kushoto au chini. Kwa mapatano haya kila jozi ina nukta yake moja, na kila nukta ina jozi yake moja. Hakuna zinazogombania nafasi.

Tuseme basi tunaizuru kila nukta ya karatasi na kuiuliza: "Nambari zako mbili zikijumlishwa, ni saba?" Ikijibu ndiyo, tunaitia wino. Ikijibu la, tunaiacha nyeupe. Kazi hiyo ikimalizika (tusiulize itachukua miaka mingapi), wino ulioko karatasini utakuwa mstari mnyoofu unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Ni mnyoofu kwa sababu kila x inapoongezeka kwa 1, y hulazimika kupungua kwa 1 ili jumla ibaki saba, na kiwango hicho cha kushuka hakibadiliki popote. Rula tunayoitumia ni njia ya mkato tu ya kuepuka safari hiyo ndefu. Kwa hivyo grafu ni orodha: orodha kamili ya nukta zote zinazoifanya sentensi iwe ya kweli, iliyoandikwa kwa wino badala ya kuandikwa kwa tarakimu.

Neno "kamili" hapo lisipitwe haraka. Ndani yake mna madai mawili. Kwanza, kila nukta iliyo juu ya mstari inaukidhi mlinganyo. Pili, kila nukta inayoukidhi mlinganyo imo juu ya mstari. Wanaofundisha hutaja la kwanza na kulisahau la pili, ilhali yote mawili yanahitajika, kama tutakavyoona punde.

Vitendawili viwili, jibu moja

Tuiache karatasi kidogo. Tuseme mtegaji anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Tumezoea jibu moja, yai, lakini mteguaji mkaidi anaweza kutaja kaburi, dafu, hata ngoma iliyowambwa pande zote mbili. Mtegaji akitega kingine: "Nyumba yangu ndani mna maji ya kunywa," mteguaji anaweza kutaja mtungi, kisima, au dafu. Kila kitendawili kikiwa peke yake kina majibu kadhaa. Lakini mtegaji akisema anakusudia nyumba moja tu, isiyo na mlango na ambayo ndani mna maji ya kunywa, yai linaondoka, kaburi na ngoma vinaondoka, mtungi na kisima vinaondoka kwa kuwa vina midomo. Linabaki dafu. Halikubaki kwa muujiza wowote. Limebaki kwa sababu lilikuwamo katika orodha ya kwanza na katika orodha ya pili.

Turudi sasa kwenye nambari. Sentensi yetu ya pili na iwe:

2x − y = 2

yaani "mara mbili ya nambari ya kwanza, ukiondoa nambari ya pili, hubaki mbili." Orodha yake ina jozi (1, 0), (2, 2), (3, 4), (4, 6) na nyingine nyingi, na ikitiwa wino huwa mstari unaopanda. Mwanafunzi anapoulizwa atatue milinganyo hii miwili kwa pamoja, ameulizwa hivi: ni jozi gani inayoifanya sentensi ya kwanza iwe ya kweli na ya pili pia iwe ya kweli? Uzito wote wa swali uko katika kiunganishi "na". Nukta inayotafutwa sharti iwemo katika orodha zote mbili. Kuwemo katika orodha ya kwanza ni kuwa juu ya mstari wa kwanza. Kuwemo katika orodha ya pili ni kuwa juu ya mstari wa pili. Nukta iliyo juu ya mistari yote miwili ndiyo tunayoiita makutano.

Hoja yenyewe ni hiyo. Tukiijaribu nukta (3, 4): 3 na 4 ni 7, kweli, mara mbili ya 3 ni 6, ukiondoa 4 hubaki 2, kweli. Na yale madai mawili tuliyoyataja yanafanya kazi hapa. Kwa kuwa kila nukta ya mstari ni ya kweli, makutano ni jibu bila shaka. Kwa kuwa kila nukta ya kweli imo mstarini, hakuna jibu jingine lililojificha kwenye sehemu nyeupe ya karatasi. Mistari minyoofu miwili tofauti haikatani zaidi ya mara moja, kwa hivyo jibu ni moja tu.

Je, pale mstari wa kwanza unapokata mhimili wa mlalo? Hapo ni (7, 0). Sentensi ya kwanza inaikubali. Ya pili inaikataa, kwa kuwa mara mbili ya 7 ukiondoa sifuri ni 14, wala si 2. Nukta hiyo ina shahidi mmoja, nasi tulihitaji wawili.

Hapa nikiri jambo. Istilahi ya Kiingereza tuliyoikariri shuleni, ambayo maana yake ni "kwa wakati mmoja", ilinifanya kwa miaka mingi nidhani kwamba milinganyo hii ina jambo la saa na dakika, kwamba mistari inakimbia karatasini na kugongana. Maneno yetu "milinganyo ya pamoja" hayampotezi mtu hivyo.

Mabasi mawili ya barabara ya Mombasa

Hata hivyo, upo mfano ambamo wakati umo kweli, na ndio uliomfungua macho binamu yangu, baada ya kumpotosha kwanza.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni takriban kilomita 480. Basi moja linaondoka Nairobi, jingine linaondoka Mombasa saa ileile, yote mawili yakienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, jambo ambalo msafiri yeyote wa barabara hiyo atalicheka, ila tuliruhusu kwa ajili ya hesabu. Tuache x iwe saa zilizopita tangu kuondoka, na y iwe umbali kutoka Nairobi. Basi la Nairobi linasema: y = 80x. Basi la Mombasa, ambalo lilianza kwenye kilomita ya 480 na linakaribia Nairobi, linasema: y = 480 − 80x. Yanakutana lini na wapi?

Binamu yangu, ambaye amekua akiyaona mabasi hayo yakipita, aliweka kidole mezani akasema: "Hapa Voi. Yote mawili hupita Voi." Nikamjibu kwamba yote mawili hupita kila mahali. Kila kijiji ambacho basi moja linakipita, jingine pia litakipita, kwa kuwa barabara ni moja. Tukichora barabara peke yake, njia za mabasi haya mawili zinalaliana tangu mwanzo hadi mwisho, na mchoro huo hautuambii chochote kuhusu kukutana.

Grafu si picha ya barabara. Nukta yake moja ina habari mbili: saa na mahali. Mstari wa basi la Nairobi ni orodha ya kauli zote za kweli za aina hii: "Baada ya saa moja niko kilomita ya 80; baada ya saa mbili niko kilomita ya 160." Basi hilo lina nukta ya Voi, kilomita ya 330 au karibu na hapo, baada ya saa nne na dakika chache. Basi la Mombasa nalo lina nukta ya Voi, lakini baada ya saa zisizotimia mbili. Mahali ni pamoja, saa ni mbalimbali, basi nukta ni mbili na zimeachana karatasini. Mistari hiyo inashiriki nukta moja tu, (3, 240): saa tatu baada ya kuondoka, kilomita 240 kutoka Nairobi, karibu na Mtito Andei, ambapo kila msafiri anajua kwamba amefika nusu ya safari. Pale, na wakati ule, kauli ya basi la kwanza ni ya kweli na kauli ya basi la pili ni ya kweli.

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba kwa hivyo mistari haikutani. Ni mabasi yanayokutana, na mistari inashuhudia tu. Sijaona kitabuni maelezo yanayoushinda usemi huo.

Kuondoa herufi moja: nini hutendeka karatasini?

Wapo watakaosema kwamba grafu ni njia ya watoto, na kwamba njia ya kweli ni ile ya kuondoa herufi moja kwa kujumlisha au kutoa milinganyo. Njia hizo hufundishwa kama kwamba hazijuani. Ukweli ni kwamba ya pili huweza kuonekana karatasini, na ikionekana, inaacha kuwa mazingaombwe.

Tujumlishe milinganyo yetu: x + y = 7 na 2x − y = 2. Upande wa kushoto y inajifuta, tunabaki na 3x = 9, yaani x = 3. Tuulize: x = 3 ni nini kwenye karatasi? Ni orodha ya nukta zote ambazo nambari yake ya kwanza ni 3, bila kujali ya pili. Ni mstari wa wima. Nao unapita wapi? Unapita katika (3, 4), palepale penye makutano. Sababu yake ni nyepesi. Jozi inayoifanya milinganyo yote miwili iwe ya kweli haiwezi kuufanya mlinganyo wa jumla kuwa uongo, kwa kuwa vitu vilivyo sawa vikiongezwa kwa vitu vilivyo sawa hutoa vilivyo sawa. Basi mstari wa jumla hauwezi kuyakwepa makutano.

Tukifanya vingine, tuseme tuuzidishe mlinganyo wa kwanza kwa mbili kisha tuondoe wa pili, tunapata 3y = 12, yaani y = 4. Huu ni mstari wa mlalo, nao unapita palepale. Jaribu mchanganyiko wowote mwingine na utapata mstari mwingine unaopita palepale, kama spoku za baiskeli zinavyoelekea kitovuni. Anayeondoa herufi anafanya nini basi? Anaiacha mistari miwili iliyoinama na kushika miwili mingine inayopita katika nukta ileile, mmoja ukiwa wima na mwingine ukiwa mlalo, ili anwani ya nukta hiyo isomeke yenyewe: x ni 3, y ni 4. Onyo moja tu: mstari wa wima peke yake hautoshi. Juu yake zimo (3, 0), (3, 100) na nyingine nyingi ambazo si majibu. Ndiyo maana mwalimu hukemea anayeishia kwenye x akasahau y.

Kutokana na maelezo haya, hali mbili zinazowasumbua watahiniwa hazihitaji maneno mengi. Milinganyo x + y = 7 na x + y = 9 ina mistari sambamba. Haikatani, na haingeweza kukatana, kwa sababu hakuna nambari mbili ambazo jumla yake ni saba na pia ni tisa. Nayo milinganyo x + y = 7 na 2x + 2y = 14 ni visawe: sentensi mbili, maana moja, orodha moja, mstari mmoja. Kila nukta yake ni makutano. Herufi zikiwa tatu, orodha ya kila mlinganyo huwa bapa kama ukuta. Msomaji atazame pembe ya chumba alichoketi, pale kuta mbili na sakafu zinapokutana katika nukta moja, naye atakuwa ameona utatuzi wa milinganyo mitatu.

Omar Khayyam, mshairi wa makutano

Wanafasihi wa Kiswahili wanamfahamu Omar Khayyam kupitia kalamu ya Shaaban Robert, aliyezileta rubai zake katika lugha yetu katika kitabu Omar Khayyam kwa Kiswahili. Wengi wetu humjua kwa ushairi huo tu. Lakini Khayyam, mzaliwa wa Nishapur aliyeishi kati ya mwaka 1048 na 1131, alikuwa mwanahisabati mkubwa wa zama zake, na kazi yake iliyo mashuhuri zaidi katika uwanja huo inahusu jambo hilihili: kupata jibu kwa kukatanisha mistari.

Aljebra aliirithi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu al-jabr, ambalo hutumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, na lilienea kupitia kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9. Milinganyo yenye x mara x ilikuwa imeshatatuliwa. Iliyosumbua ni ile yenye x mara x mara x. Khayyam aliigawa katika makundi, na kila kundi akalipatia jibu kwa kukatanisha mistari iliyopinda.

Tuchukue mfano mdogo wa mojawapo ya makundi hayo, tukitumia herufi ambazo yeye hakuwa nazo:

x³ + 4x = 16

Hapa pana herufi moja tu. Makutano yatoke wapi? Ubunifu wake ni kwamba sentensi moja ngumu inaweza kupasuliwa ikawa sentensi mbili nyepesi zinazosemwa kwa pamoja. Ya kwanza: x² = 2y. Orodha ya nukta zake ni mchirizo uliopinda kama bakuli, unaoitwa parabola. Ya pili: y² = x(4 − x). Orodha yake ni duara lenye kitovu (2, 0) na nusu kipenyo 2. Tuone kama kweli zinaizaa sentensi ya mwanzo. Kutokana na ya kwanza, y ni nusu ya x², hivyo y² ni robo ya x⁴. Tukiiweka katika ya pili tunapata x⁴ = 16x − 4x². Tukigawanya kote kwa x, inabaki x³ = 16 − 4x, ambayo ndiyo sentensi yetu. Bakuli na duara hukatana katika (2, 2). Basi x ni 2, na hakika 8 na 8 ni 16.

Msomaji makini atakayeichora atagundua kwamba bakuli na duara hugusana pia katika (0, 0). Je, sifuri nalo ni jibu? Tukilijaribu, 0 si sawa na 16. Hapa hoja yetu inaonekana kama imeanguka, kumbe imesimama imara. Nukta (0, 0) inazikidhi sentensi zote mbili tulizozichora, kwa hivyo ilikuwa lazima iwe makutano. Isichoikidhi ni sentensi ya tatu, tuliyoifikia baada ya kugawanya kwa x, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Makutano hujibu swali la mistari iliyochorwa. Swali lililokuwa kichwani mwa mchoraji, likiwa tofauti na hilo hata kidogo, hayalijui.

Khayyam mwenyewe alikiri kwamba hakupata kanuni ya kuzikokotoa nambari hizo bila michoro, akaacha tumaini kwa watakaokuja baada yake. Walikuja baada ya karne nne na zaidi: kanuni hiyo ilichapishwa na Cardano nchini Italia mwaka 1545. Naye René Descartes, katika kitabu chake La Géométrie cha mwaka 1637, aliunganisha mlinganyo na mchirizo kwa namna iliyokuja kuwa msingi wa grafu za shuleni. Pierre de Fermat alikuwa amelifikia wazo hilohilo katika miaka ileile kwa njia yake mwenyewe.

Unene wa penseli

Nimalizie pale tulipomwacha kijana na daftari lake. Nilimpa zoezi jingine: x + y = 7 na 2x − y = 3. Akachora kwa uangalifu, akasoma makutano: 3.3 na 3.7. Kisha, bila kuambiwa, akayajaribu. Sentensi ya kwanza ilikubali, kwa kuwa jumla ni 7. Ya pili ilikataa: mara mbili ya 3.3 ni 6.6, ukiondoa 3.7 hubaki 2.9. "Dada," akasema, "nukta yangu inadanganya kidogo."

Ilikuwa inadanganya kweli. Mstari tulioueleza katika makala haya hauna unene. Ule wa penseli unao. Macho husoma hadi pale miraba ya karatasi inaporuhusu, na mistari inayokaribia kuwa sambamba huwa na makutano marefu kama ufa, hata msomaji asijue aweke kidole wapi. Grafu ilimwambia kwamba jibu lipo, kwamba ni moja, na kwamba liko jirani na hapo. Akarudi kwenye kujumlisha, akapata 3x = 10, akaandika theluthi kumi kwa x na theluthi kumi na moja kwa y, akazijaribu tena, na sentensi zote mbili zikakubali.

Aliniuliza kama anaweza kuyaandika maelezo hayo katika mtihani. Nilimwambia ayaandike kwa Kiingereza, kwani ndivyo mtihani unavyotaka. Akachukua kalamu na kuanza kuyatafsiri palepale mezani, akiniuliza neno moja moja, nami baadhi ya maneno hayo sikuyajua.